Vladivostok kabla ya treni ya Moscow: kaeni kwanza, mpimane

Mkuu, nimeliona swali lako. Wewe na wenzako watatu mnatua Vladivostok, mnataka kupanda treni ya Moscow siku hiyohiyo kwa sababu "mji wenyewe ni bandari tu", na unauliza kama kuna haja ya kutoa hela ya hosteli, na kama kadi zenu za benki zitafanya kazi kule. Haja ipo. Kaeni siku tatu, nne kama mfuko unaruhusu. Mimi niliipita njia hiyo Septemba 2019 nikiwa bado nasoma Urusi. Tulikuwa watano: Watanzania watatu, Mkenya wa Mombasa na Mkongo wa Bukavu.

Wengi watakwambia ukae kwa ajili ya madaraja na mandhari. Sawa, yapo. Ila mimi nasema kaeni ili mpimane. Reli ile ni kilomita 9,288, karibu mara tano ya TAZARA kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, na mtakuwa ndani karibu wiki nzima, mkishuka kunyoosha miguu stesheni kwa dakika chache kisha mnarudi kulekule. Mtu mliyesoma darasa moja miaka mitatu unaweza usimjue hata kidogo. Nani anakoroma, nani akishikwa na njaa hasemi na mtu, nani wa "nilipie kwanza nitakurudishia", hayo yote bora yajulikane mkiwa mjini, kwenye nafasi, ambako mkikasirikiana kila mmoja anashika njia yake mpaka jioni.

Sisi tulikuwa tumepanga kuchukua kupe, kile chumba cha vitanda vinne chenye mlango, na mtu wa tano angelala chumba cha jirani na wageni. Usiku wa kwanza tu hosteli ukatuonyesha kwamba kuna mwenzetu ukimfungia mlango mmoja na watu watatu, hao watatu hawalali. Tukaenda kukata platskarti, daraja la tatu, behewa la wazi lenye vitanda 54. Kila kijisehemu kina vitanda vinne vinavyotazamana, halafu viwili ng'ambo ya ujia, ubavuni mwa behewa. Watano tukaenea, wa sita akawa mzee wa Kirusi, na mkoromaji akapewa kitanda cha juu cha ubavuni, sauti yake ikapotea kwenye kelele za magurudumu na za wakoromaji wengine. Nyie wanne mtajaza kupe moja bila mgeni hata mmoja. Watu wanaona hiyo ni bahati. Mimi ningefikiria mara mbili.

Sababu ya pili ni saa. Saa za Moscow ni sawasawa na za kwetu Afrika Mashariki, na Vladivostok iko saa saba mbele. Kwao ikiwa saa moja asubuhi, Dar ni saa sita usiku. Mkishuka kwenye ndege na kupanda treni papo hapo, mtalala mchana kutwa mkipishana na mandhari, usiku taa zikishapunguzwa mko macho mnanong'onezana na behewa zima linawanyamazisha. Upeni mwili siku mbili tatu uzoee. Baadaye treni yenyewe itawarudishia saa taratibu kadiri inavyokwenda magharibi, na mkifika Moscow mko kwenye saa za nyumbani bila uchovu wowote. Kwa Mtanzania hii ndiyo njia ya kuipita reli ile, kutoka mashariki kwenda magharibi.

Sasa mji. Jiandaeni kwa vilima. Vladivostok ilianzishwa 1860 kama kambi ya jeshi, na imejengwa kuizunguka ghuba ya Zolotoy Rog kwenye miinuko ambayo mtu wa Mwanza ataielewa haraka kuliko mtu wa Dar. Ramani ya simu inakwambia dakika kumi, haikwambii kwamba nane kati ya hizo ni ngazi. Kuna treni ndogo ya mlimani, funikula, ya tangu 1962. Njia yake ni mita 183 tu, dakika mbili umefika, na nauli yake ni ndogo. Ukishuka juu unaendelea kidogo kwa miguu hadi sehemu ya kutazamia mji, na hapo unaliona daraja la Zolotoy likivuka ghuba, meli za kivita zimefungwa chini yake, makreni ya bandari, na ukungu kama mmekuja Juni au Julai. Ndiyo maana nasema nendeni Septemba. Ukungu umepungua na bado kuna watu wanaogelea pale ufukwe wa mjini. Saa sita mchana mzinga unapigwa kutoka kilima cha Tigrovaya, kila siku. Mkongo wetu alichuchumaa nyuma ya benchi, kwa historia ya alikotoka hatukumcheka.

Kitu ambacho hakitawatoka kichwani ni magari. Mtasimama barabarani mkaona Premio, Probox, Fit, Harrier, yote usukani kulia, mkadhani mko Mwenge. Yanatoka Japani kwa meli, maana Japani iko ng'ambo ya bahari tu. Tofauti ni kwamba Urusi wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo dereva anakaa upande wa ukingo wa barabara, na abiria wa mbele yuko katikati, ana kwa ana na magari yanayokuja. Mkiita teksi, wa mbele anafungua mlango kwenye mkondo wa magari, siyo kwenye njia ya waenda kwa miguu. Sisi tulijibana wote nyuma mara ya kwanza, mpaka dereva akatuuliza kama kiti chake cha mbele kina nini. Yeye aliona kawaida kabisa. Dereva akitaka kulipita lori, hamuoni anayekuja, basi anamuuliza aliye kushoto kwake. Na msicheze na ushuru wa magari mbele ya watu wa mji ule: Desemba 2008 serikali ilipoupandisha kwa magari yaliyotumika, watu walijaa barabarani kupinga, ikabidi askari wa kutuliza ghasia waletwe kwa ndege kutoka upande wa Moscow. Nilipomweleza dereva mmoja kwamba na sisi tunanunua magari hayohayo kutoka Japani, na kwetu ushuru nao ni kilio, safari nzima ikawa ya maongezi.

Mkipata nafasi ya kwenda sehemu moja tu nje ya katikati ya mji, iwe mnara wa taa wa Tokarevsky. Panda basi linaloishia kituo cha Mayak, halafu mnatembea kushuka baharini. Mnara ni mweupe, kofia nyekundu, umesimama mwisho wa ulimi mwembamba wa changarawe ulioingia baharini, na pembeni kuna minara mikubwa ya umeme ya rangi nyekundu na nyeupe inayoufanya uonekane mdogo. Maji yakipwa unatembea mkavu hadi mlangoni. Yakijaa, ule ulimi unafunikwa. Tulikuwa tumekaa juu ya mawe tunakula, tunapiga picha, meli zinapita karibu kiasi kwamba unaona mabaharia wakianua nguo. Kijana wa Mombasa akatazama changarawe mara moja tu, akasema, "Maji yajaa haya, turudini." Hatukuona chochote kilichobadilika. Tukainuka kwa kumridhisha, na kabla ya kufika nusu ya njia maji yalikuwa yamefika vifundoni, viatu mkononi, kundi la watalii nyuma yetu linapiga kelele kwa baridi. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mtunza saa wetu. Kwenye treni, akisema "pandeni", tunapanda. Stesheni nyingine inasimama dakika mbili, na treni haipigi honi kumngoja mtu anayechagua maandazi.

Kisiwa cha Russky mnaweza kwenda kwa basi, chuo kikuu cha huko kipo ufukweni kabisa. Daraja lake lilifunguliwa 2012 kwa ajili ya mkutano wa APEC, umoja wa kiuchumi wa nchi za Asia na Pasifiki; urefu kati ya nguzo zake mbili kubwa ni mita 1,104, na ndilo lililochorwa kwenye noti ya rubo 2,000. Waenda kwa miguu hawaruhusiwi, kwa hiyo msijisumbue kuuliza. Mtaa wa Admiral Fokin unaosifiwa sana kwenye mitandao mimi sikuuona cha ajabu: maduka, kahawa ya bei juu, wapiga picha. Mtapita tu mkielekea baharini. Nyambizi S-56, ambayo ni makumbusho, ingieni. Mkitoka humo, behewa la platskarti litaonekana jumba.

Siku ya mwisho iwe ya soko, na hapo ndipo mtajua nani ashike mfuko wa pamoja. Sisi tulimpa dada wa Bukoba, kwa sababu ndiye pekee aliyepinga kununua kaa wa Kamchatka wa kuchukua behewani. Kaa huyo kuleni mjini, nyama ya mguu wake mmoja ni shibe. Vitu vya treni ni mkate, matango, nyanya, mayai ya kuchemsha, chai, sukari, tambi za kuloweka. Maji ya moto ni bure wakati wote, kuna birika kubwa mwisho wa kila behewa, kwa hiyo beba kikombe na bakuli lako. Beba kandambili na tishu za maji. Chakula cha Warusi hakina pilipili, lakini Vladivostok wana mkono wa Kikorea: tafuteni tambi za Kikorea zenye ukali, na pyan-se, andazi kubwa la kupikwa kwa mvuke lenye kabichi na nyama ndani, linauzwa vibandani mitaani. Kimchi mwachieni muuzaji. Mfuniko wake haufungi vizuri kama anavyoapa.

Stesheni fikeni mapema, kwa raha zenu. Iko hatua chache kutoka gati la meli, mkiwa jukwaani mnasikia honi za bandari. Mwaka 1891 Nicholas, ambaye baadaye ndiye aliyekuja kuwa tsari, yaani mfalme, wa mwisho wa Urusi, alikuja hapa akiwa bado mrithi kuweka jiwe la msingi la reli, na jengo mnaloliona lilipewa sura yake mwaka 1912 lifanane na stesheni ya Yaroslavsky ya Moscow, mtakayoshukia. Jukwaani kuna nguzo imeandikwa 9288. Kila mtu anapiga picha, msijifanye wagumu. Mlangoni pa behewa mhudumu atalinganisha tiketi na pasipoti herufi kwa herufi, kwa hiyo majina matatu ya kwetu yaandikwe yote kama yalivyo kwenye pasipoti. Maandishi ya zamani mtandaoni yatawaambia tiketi zinafuata saa za Moscow. Hilo lilibadilika Agosti 2018, siku hizi ni saa za mahali unapopandia.

Kuhusu kadi ulizouliza: enzi zetu tulilipa kwa kadi karibu kila mahali. Sasa hivi Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi kule tangu Machi 2022. Nendeni na dola au yuro za noti safi zisizo na michoro wala mikunjo, mbadilishe benki mkiwa mjini, hela ya treni muitenge kabisa na hela ya kaa. Na ombeni noti ndogondogo, akina mama wanaouza viazi na samaki stesheni za njiani hawana chenji ya rubo elfu tano, na dakika za kwenda kuitafuta hamtakuwa nazo.