Aliyevunjika Chini ya Mateso Si Msaliti

Mhariri, swali lenu la wiki lilituuliza kama mateka wa vita anayeteswa mpaka akasema alichoapa kutokisema anastahili kuitwa msaliti. Jibu langu ni kwamba hastahili, na sababu zangu nimezipata katika maandishi ya mtu aliyeyapitia hayo mwenyewe, James Stockdale, rubani wa Jeshi la Wanamaji la Marekani. Mwaka 1984 yeye na mkewe Sybil walichapisha kitabu kiitwacho In Love and War, sura za mume na za mke zikipokezana.

Stockdale alitunguliwa tarehe 9 Septemba 1965 akiwa katika shambulio dhidi ya Vietnam Kaskazini, kwa ndege aina ya A-4 iliyoruka kutoka manowari ya USS Oriskany. Alishuka kwa mwavuli akaangukia mikononi mwa umati wenye hasira, akapigwa, mguu ukavunjika, na miaka saba na nusu iliyofuata akaishi kifungoni, sehemu kubwa katika gereza la Hoa Lo mjini Hanoi. Gereza hilo lilijengwa na Wafaransa mwishoni mwa karne ya 19, nao wakawafungia humo Wavietnam waliokataa kutawaliwa. Nalitaja hili kwa sababu wasomaji wengi wa kumbukumbu za Wamarekani hulipita haraka mno.

Serikali ya Hanoi iliwahesabu marubani hao kuwa wahalifu wa kivita wasiostahili ulinzi wa Mkataba wa Geneva wa 1949 kuhusu mateka wa vita, na imekuwa ikikana kwamba iliwatesa. Kwa simulizi za mateka wenyewe, kilichotakiwa zaidi kwao hakikuwa siri za kijeshi bali maungamo: kutia saini karatasi ya kukiri uhalifu, kusoma taarifa redioni, kuonyeshwa mbele ya wageni. Mfungwa alifungwa mikono nyuma kwa kamba zilizokazwa mpaka damu isipite na mabega yakaribie kuchomoka, kisha kichwa chake kikakandamizwa kuelekea miguuni, akae hivyo hadi aseme kwamba yuko tayari. Kanuni za jeshi la Marekani zilizotolewa mwaka 1955, baada ya vita vya Korea, zilimtaka mateka ataje jina, cheo, namba yake ya jeshi na tarehe ya kuzaliwa, na ajitahidi kwa uwezo wake wote kukwepa maswali mengine. Vijana waliozisoma kanuni hizo darasani walidhani kwamba mwanajeshi wa kweli huishia hapo. Chini ya kamba waligundua kwamba hakuna anayeishia hapo.

Hapa ndipo maandishi ya Stockdale yananigusa zaidi, kwa kuwa anaeleza kwa makini kinachompata mtu baada ya kamba kufunguliwa. Anarudishwa katika chumba chake peke yake, na kinachomuuma kuliko mabega ni aibu, kwa maana anaamini kwamba wenzake wote wamestahimili na ni yeye tu aliyeanguka. Mtesaji anaitegemea aibu hiyo, kwa sababu mtu anayejidharau huwakimbia wenzake, na aliyewakimbia wenzake ni rahisi kumtumia tena.

Dawa yao ilipitia ukutani. Mateka walipanga herufi 25 katika safu tano zenye herufi tano kila moja, wakiiacha K na kutumia C mahali pake, na kila herufi iligongwa kwa vidole mara mbili: kwanza namba ya safu, kisha nafasi ya herufi katika safu hiyo. Usiku walipoagana kwa maneno ya Kiingereza ya kumwombea mtu baraka za Mungu, waligonga herufi tatu tu, GBU: mbili na mbili, moja na mbili, nne na tano. Stockdale anasimulia kwamba mfungwa mpya aliyetoka kuteswa alipogongewa salamu, mara nyingi alijibu kwamba hastahili kuzungumza nao kwa kuwa ni msaliti, naye akajibiwa kwamba hakuna aliye safi humo ndani, na kwamba angesikia walichosema wengine angeshangaa.

Akiwa miongoni mwa maofisa wa vyeo vya juu kabisa gerezani, alilazimika kutunga amri ambazo binadamu anaweza kuzitii. Mfungwa asiiname mbele ya watu, asiseme redioni, asikiri uhalifu, asiwaage watesaji kwa shukrani siku ya kuachiliwa, na aweke umoja wa wenzake mbele ya nafsi yake. Hakuamuru kwamba mtu asivunjike kamwe. Alitaka asitoe kitu bila kulazimishwa kwa mateso, na kesho yake awalazimishe waanze upya. Naiona kuwa busara kubwa, na isiyopendeza sana masikioni mwa wanaohubiri uzalendo wakiwa mezani.

Pengine mtanijibu kwamba huyu ndiye aliyejikata kichwani kwa wembe mwaka 1969 na kuuponda uso wake kwa kigoda ili asiweze kupigwa picha za propaganda, na kwamba kitendo hicho kimo katika sifa zilizompatia nishani kuu ya taifa lake mwaka 1976. Ni kweli, lakini nilivyomwelewa, hakufanya hivyo kwa kujiamini kwamba hatavunjika. Alijua kwamba wakimrudisha kwenye kamba atakubali kukaa mbele ya kamera, basi akahakikisha kwamba hakutakuwa na uso wa kupiga picha.

Lipo jambo jingine linalolifanya neno msaliti kuwa gumu zaidi. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1964 Stockdale aliruka juu ya meli za Marekani katika Ghuba ya Tonkin, kwenye pwani ya Vietnam Kaskazini, zilizodaiwa kushambuliwa na boti za adui, na hakuona boti hata moja. Kesho yake akaongoza shambulio la kulipiza kisasi. Gerezani aliishi kwa hofu ya kulazimishwa kuisema siri hiyo, ambayo ilikuwa ukweli wenye kuiumbua serikali yake mwenyewe. Angeisema chini ya kamba, angekuwa amemsaliti nani?

Sisemi kwamba hakuna msaliti gerezani, wala Stockdale hakusema hivyo. Baada ya kuachiliwa mwezi Februari 1973 aliwashtaki maofisa wawili wenzake kwa tuhuma kwamba walishirikiana na adui kwa hiari, huku wenzao wakiendelea kukataa. Wizara ya Jeshi la Wanamaji iliyatupilia mbali mashtaka hayo, na sina haja ya kuifungua upya kesi yao hapa. Lakini hakumshtaki hata mmoja wa wale waliotia saini karatasi baada ya kuteswa kwa kamba, kwa kuwa yeye pia alikuwa amevunjika chini ya kamba.