Kebo Inalia Pii, Lakini Stata Haizunguki

SWALI: Nina Land Rover 109 ya mwaka 1978, ya petroli. Asubuhi inawaka vizuri, ila injini ikishapata moto, nikiwasha nasikia "ta!" moja, kisha kimya. Betri inasoma volti 12.6. Fundi amepima kebo zote kwa mita, zote zikalia pii, akasema stata imekufa. Kabla sijanunua nyingine nimetengeneza kipimo changu kwa Arduino Uno (kibao kidogo cha kielektroniki kinachopangiwa programu) na sensa ya mkondo ACS712 ya ampea 30. Niifunge wapi?
Msomaji, Iringa

JIBU: Ndugu yangu, sensa hiyo usiifunge popote kwenye njia ya stata. ACS712 hupitisha mkondo wote ndani ya mwili wake, na stata ya injini kama yako huvuta ampea 150 hadi 200 ikiwa inazunguka, na zaidi ya hapo pale inapoanza tu. Itaungua kabla hujasoma namba yoyote. Arduino baki nayo, itakufaa.

Sasa hiyo pii. Kila wiki naletewa gari ambalo "kebo zimepimwa, ziko sawa", na kipimo chenyewe ni mlio. Mita ikiwa kwenye pii hupitisha mkondo wa takriban sehemu moja ya elfu ya ampea. Kebo iliyooza ndani, ikabakiwa na nyuzi mbili tatu za shaba, italia pii kama kebo mpya. Piga hesabu: kiungo chenye kutu kikiwa na ukinzani wa ohm 0.01 tu, mita ya kawaida itakionyesha kama sifuri. Pitisha hapo ampea 200, volti 2 zimepotea njiani. Stata itazunguka kwa nguvu gani? Na hizo volti 12.6 za betri iliyotulia hazisemi lolote kuhusu itakavyokuwa ikibebeshwa mzigo.

Kwa hiyo pima volti wakati stata inavutwa, tena injini ikiwa ya moto, maana ndipo ugonjwa unapojitokeza. Toa kwanza waya wa koili ili injini isiwake. Arduino ipe umeme wa pawabenki, si wa gari. Waya wake wa hasi ubane kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, juu ya risasi, si kwenye klipu ya kebo, kwa sababu kutu hupenda kukaa katikati ya hivyo viwili. Kichwa cha chanya na boliti ya stata visome kila kimoja kupitia jozi yake ya rezista, ya kilo-ohm 10 kabla ya pini na ya 3.3 kati ya pini na hasi, ili volti 12 zishuke hadi karibu 3. Waya wa tatu ushike bodi ya stata, yaani mwili wake wa chuma, nao upitie rezista ya kilo-ohm 10. Usiiache hiyo rezista: waya wa kuunganisha injini na chasi ukiwa umekatika kabisa, injini nzima hupanda karibu hadi volti 12, na pini ya Arduino huvumilia 5 tu. Soma mara mia kadhaa kwa sekunde. Ukichukua wastani wa sekunde nzima, ule mshuko wa mwanzo utafichika.

Betri ikishuka chini ya volti 9.6, ianze yenyewe kushukiwa. Kati ya hasi ya betri na bodi ya stata isizidi volti 0.3. Kati ya chanya na boliti ya stata isizidi 0.5, ikizidi, sogeza waya kiungo kwa kiungo, ukiingia upande mmoja wa solenoidi (swichi kubwa inayoipa stata umeme) na kutokea wa pili, hadi uone volti zinapoangukia. Upande wa hasi ndio ninaoushuku zaidi kwako. Baada ya kujaribu stata mara mbili tatu, gusa waya wa choki kwa tahadhari. Waya huo ukiwa umepata joto, basi umeme wa stata unarudi kupitia humo, kwa kuwa ule waya wa kuunganisha injini na chasi umeoza.

Stata nyingi ninazoletewa kama maiti, nikizifunga mezani kwa kebo zangu zinazunguka. Mwenye gari ameshanunua nyingine, mara nyingi iliyopakwa rangi tu, na fundi aliyeitoa ile nzima hakuwahi kupima volti hata moja. Wengine "hupima" kwa bisibisi: wanaunganisha boliti mbili za solenoidi, cheche zinaruka, stata ikizunguka wanahukumu solenoidi. Betri iliyotoka kuchajiwa hutoa haidrojeni, na cheche moja karibu nayo yatosha kuipasua na kumwagia mtu asidi usoni. Gari likiwa kwenye gia linaondoka, na aliyeinama mbele yake hana pa kukimbilia. Akija mtu na bisibisi kwenye Land Rover yako, mwondoe.