Barua kwa mwanangu: kaburi la baba yako, na langu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, edda ya baba yako nimeimaliza wiki iliyopita, miezi minne na siku kumi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza kama tumjengee baba yako kaburi la marumaru lenye picha yake, kwa kuwa fundi wa hapa Tanga amekutajia bei na fedha unazo. Halafu ukauliza, sauti imekupungua, kama siku yangu ikifika wewe ukiwa London, wakungoje au wasikungoje. Nakujibu kwa maandishi maana kwenye simu nitalia.

Marumaru, hapana. Imamu Muslim amepokea kwa Jabir kwamba Mtume (SAW) alikataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Na sisi Mashafii tunaye Imamu Nawawi, ambaye amelieleza wazi: kwenye makaburi yaliyotolewa kwa ajili ya watu wote, kujenga ni haramu, kwa sababu unawabania wenzako nafasi. Pale alipolala baba yako ni wakfu, mwanangu. Tumepewa tuta moja tu. Tulipomzika shangazi yako, wakati wa masika, mjomba wako alirudi kanzu imejaa tope, akasema jeneza walilipitisha juu ya vichwa kwa kuwa familia moja ilizungushia makaburi yake ukuta na njia ikaziba. Mchimbaji naye hakuwa na pa kutupia udongo. Huko kwenu nako mambo ni hayo hayo. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba pale Hainault alipozikwa mume wa rafiki yako makaburi yote yana umbo moja, na kwamba kwenye makaburi ya halmashauri huondoa vioo na vijiuzio ili mashine ya kukatia nyasi ipite.

Picha usiitaje tena, nakuomba.

Najua utaniambia kuhusu Tongoni, yale magofu ya kale karibu na Tanga, maana tangu ulipopelekwa na shule hukuacha kupasimulia. Ni kweli, wazee wale walisimamisha nguzo juu ya makaburi yao, wakazipamba kwa mabakuli ya kauri kutoka Uchina. Makaburi yamezidi 40. Leo mabakuli yameng'olewa, yamebaki mashimo, na nguzo nyingi zimelala chini. Nami kila nikipita pale nawaombea wote kwa pamoja, kwa sababu simjui hata mmoja kwa jina.

Kinachofaa ni kidogo na tumeshakifanya. Tuta limeinuka kiasi cha shibiri, likamwagiwa maji na changarawe, na mawe mawili, la kichwani na la miguuni. Mtume alimwekea Uthman bin Madh'un jiwe kichwani ili alitambue kaburi la ndugu yake, basi jiwe la kutambulia lina asili. La baba yako mjomba wako alilitoa Raskazone, pale alipopenda kukaa baada ya alasiri. Ni tumbawe tupu, halina maandishi. Fedha za fundi, kama bado unataka zimfikie baba yako, kisima cha madrasa kimekauka tangu kiangazi na watoto wanachukua udhu kwa maji ya ndoo. Fikiria.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikukuambia. Baba yako alifariki alfajiri, tukamzika baada ya alasiri, na wewe ulikuwa bado unatafuta tiketi. Umemnunia mjomba wako tangu siku ile. Aliyesema wasikungoje ni mimi. Mjomba wako alitaka tusubiri mpaka kesho yake jioni, nikamkatalia, kwa sababu baba yako aliniusia na mimi nilimwahidi. Kama ni hasira, nielekeze mimi. Nahisi marumaru hii imetoka kwenye siku ile, na jiwe la bei yoyote haliwezi kukurudisha kwenye saa zile.

Na mimi msiniweke kwenye jokofu kungoja ndege. Ukiwapo utaniosha wewe, na maji yasiwe ya moto. Usipokuwapo ataniosha bi mkubwa wa jirani, nimeshamwomba. Sanda yangu ipo kwenye sanduku la bibi yako, bafta nyeupe, vipande vitano kama ilivyo kwa mwanamke, pamoja na kafuri na udi. Ufunguo anao mdogo wako. Matanga siku tatu zinatosha. Majirani ndio walete chakula, nyumba yenye msiba isishinde inapika pilau kwa watu mia. Hili la pilau limetushinda hapa mjini, wafiwa wanakopa ili kulisha wageni, na mimi sitaki nizikwe kwa mkopo.

Kuhusu karatasi: nikifia hospitali watatoa kibali cha mazishi wenyewe, nikifia nyumbani mdogo wako aanzie ofisi ya serikali ya mtaa. Kifo kisajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, ndani ya siku 30. Cha baba yako tulikichelewesha kwa majonzi, na mjomba wako amezunguka miezi kwa sababu benki wanataka cheti na mahakama nayo inataka cheti. Madeni yangu nimeyaandika kwenye daftari la kijani. Yalipwe kwanza, kabla hamjagawana hata kijiko.

Ukija Desemba, pumzika siku moja, halafu asubuhi na mapema mjomba wako atakupeleka. Kaburi la tatu kutoka kwenye mwarobaini. Nyasi zitakuwa zimeota, kwa hiyo chukua kile kijembe kidogo nyuma ya mlango wa jikoni.

Mama yako