Maswali ya Wasomaji: Kipi kipimwe kwenye jaribio la dawa?

SWALI: Tunaandika andiko la kuomba fedha za jaribio la dawa ya kuzuia kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Mfadhili anauliza kama tumetumia "matokeo ya msingi yaliyokubaliwa". Ina maana hatuna ruhusa ya kuchagua wenyewe? – Muuguzi, Mwanza

JIBU: Ruhusa mnayo. Seti ya matokeo ya msingi ni kima cha chini tu: yale ambayo kila jaribio la tatizo hilo linapaswa kupima na kutangaza. Ya kwenu ongezeni juu yake. Jaribio moja likihesabu wanawake waliopoteza damu zaidi ya mililita 500, la pili waliovuka 1,000, la tatu likatoa wastani peke yake, atakayetaka kuyajumlisha atakwama.

Anzeni na hifadhidata ya COMET, inayoorodhesha seti za aina hii; ni mradi ulioanzia Liverpool, Uingereza, mwaka 2010. Tafuteni kwa jina la tatizo, si la dawa. Kwa tatizo lenu kuna seti mbili zilizochapishwa 2019, ya kuzuia na ya kutibu, na watu huzichanganya. Ya kuzuia ina mambo 9: kiasi cha damu kilichopotea, shoki (mwili kuzidiwa kwa kupungukiwa damu), kifo cha mama, dawa za ziada za kukaza kizazi, kuongezewa damu, rufaa, madhara ya dawa, kunyonyesha, na hali ya mama mwenyewe na kuridhika kwake.

Seti inawaambia kipi kipimwe. Kipimwe vipi, mnaeleza nyinyi, na hapo ndipo maandiko mengi hurudishwa. "Upotevu wa damu" haitoshi. Andikeni hivi: "Asilimia ya wanawake waliopoteza mililita 500 au zaidi ndani ya saa 2 tangu mtoto azaliwe, damu ikikingwa kwa plastiki yenye alama za mililita, na vitambaa vikipimwa kwenye mizani, gramu 1 ikihesabiwa mililita 1, baada ya kutoa uzito wa vitambaa vikavu." Plastiki itandikwe mtoto akishatoka, la sivyo maji ya uzazi yatahesabiwa kuwa damu. Plastiki na mizani viingie kwenye bajeti. Vikiisha katikati, wakunga watarudi kukadiria kwa macho, na macho hupunguza. Jaribio la E-MOTIVE, lililofanyika Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, lilitumia plastiki za aina hiyo.

SWALI: Tukiyaweka yote 9, sampuli si itakuwa kubwa mno? – Huyo huyo

JIBU: Hapana. Sampuli hukokotolewa kwa tokeo kuu moja; mengine mnayarekodi tu. Kifo kirekodini, lakini kisiwe tokeo kuu la jaribio dogo. Jaribio la WOMAN (lililochapishwa 2017), la dawa ya tranexamic acid kwa akina mama waliokwisha kuanza kuvuja damu, liliandikisha wanawake 20,060, na waliokufa kwa kuvuja damu walikuwa 1.5% kwa waliopewa dawa na 1.9% kwa wasiopewa. Hao nao awali walihesabu kifo na kutolewa kizazi kama tokeo moja, kisha wakabadili, kwa sababu mara nyingi uamuzi wa kutoa kizazi ulifanywa wakati uleule mama anapoandikishwa. Dawa haikupata nafasi ya kuubadilisha.

Mkiacha jambo mojawapo, toeni sababu. NIHR, taasisi ya Uingereza inayofadhili utafiti wa afya, kwa mfano, hutaka matokeo ya msingi yawemo isipokuwa kuna sababu ya maana. "Bajeti haitoshi" haikubaliki kwa kunyonyesha: ni swali moja la ndiyo au hapana siku mama anaporuhusiwa.