Paka Atalala Wapi Ukisafiri? Maswali Yenu na Majibu Yetu

Desemba ikikaribia, wanaotuandikia kuhusu hosteli za paka huwa wengi. Safari hii tumechukua maswali manane. Wengi wenu mmeanza na bei na picha. Sisi tutawarudisha kila mara kwenye bakuli la chakula na trei ya mchanga, kwa sababu paka akiugua ugenini dalili huanzia hapo, na pasipokuwa na mtu wa kupaangalia kila siku, habari hukufikia ukiwa umechelewa.

Habari za kazi. Krismasi tunakwenda Moshi wiki mbili na paka wetu anabaki. Nimepata sehemu tatu hapa Dar, bei zinapishana sana na picha zote zinapendeza. Niangalie nini? (Msomaji, Tabata)

Nenda mwenyewe kabla ya kulipa chochote, na uombe kuona pale paka wanapolala. Mapokezi hayakuambii kitu. Ukiambiwa huwezi kuingia kwa sababu paka watashtuka, omba kuchungulia kutoka mlangoni. Wakikataa na hilo, shukuru uondoke.

Anza na pua. Mkojo ukinuka kwa ukali, trei hazisafishwi. Dawa ya kusafishia nayo ikikuchoma macho, hiyo pia ni ishara mbaya. Uliza wanatumia nini. Dawa zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa kwenye maji mara nyingi zina fenoli, na ini la paka haliwezi kuivunja. Akikanyaga sakafu mbichi kisha akalamba miguu, anajitia sumu mwenyewe. Jibu unalotaka kusikia ni hili: sabuni na maji kwanza, kisha Jik, mililita 50 kwa lita 1 ya maji kwa ile ya asilimia 3.5, iachwe dakika 10, kisha isuuzwe. Sabuni hutangulia kwa sababu Jik hupoteza nguvu juu ya uchafu, na ikikutana na mkojo hutoa hewa inayowasha mapafu. Jik inatajwa kwa sababu kirusi cha panlukopenia, kinachoua paka wadogo kwa kutapika na kuhara, kinaweza kukaa hadi mwaka mzima kwenye sakafu au ukutani, na dawa nyingi za kawaida hazikigusi.

Kisha milango. Kati ya chumba cha paka na barabara iwepo milango miwili, mmoja ukifunguliwa mwingine umefungwa. Paka wengi hupotea siku ya kwanza, wakati mtu anaingia na ndoo mkononi. Angalia pia nyavu za madirisha: wavu laini wa mbu paka mwenye hofu anauchana kwa dakika chache.

Nafasi: kila paka awe na chumba chake cha kusimama, kunyoosha mwili wote na kupanda juu, chenye rafu na mahali pa kujificha. Sanduku la karatasi gumu linatosha. Mwaka 2014 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, waliwapa sanduku baadhi ya paka waliofika kwenye makao ya wanyama na wengine wasiwape. Waliopata sanduku walitulia upesi zaidi siku za mwanzo. Chakula na trei viwe mbalimbali kadiri chumba kinavyoruhusu, angalau sentimita 60, kwa maana paka wengi hawataki kula karibu na choo. Kati ya chumba na chumba uwepo ukuta au kioo, au pengo la sentimita 60 hivi. Waya mtupu unawaachia kupigana chafya usoni.

La mwisho ndilo tunalolipa uzito kuliko yote: omba kuona daftari. Hosteli nzuri ina ukurasa kwa kila paka, na mstari wa siku unasomeka hivi: "asubuhi gramu 25 kati ya 30, mkojo mabonge 2, choo 1, kigumu." (Bonge ni mchanga ulioshikana kwa mkojo.) Paka asipokula siku mbili tatu, hasa aliye mnene, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulilemea. Paka dume akihangaika kwenye trei bila mkojo kutoka, njia imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mambo yote mawili huletwa kirahisi na msongo wa kuhamishwa, na yote mawili huonekana kwenye daftari kabla paka hajalegea. Ukiambiwa "tunawaangalia tu, wako sawa", uliza jana paka wa chumba cha tatu alikula kiasi gani. Kimya kitakujibu.

Uliza pia usiku nani analala pale, na daktari wa mifugo wanayemwita yuko umbali gani. Bei linganisha baada ya hapo.

Paka wangu hatoki nje kamwe, lakini hosteli inataka kadi ya chanjo. Tunaenda ushago tarehe 20 Desemba. Ni lazima? (Msomaji, South B, Nairobi)

Ni lazima, na ishukuru hosteli iliyouliza. Paka asiyetoka huenda hajawahi kukutana na virusi atakavyovikuta pale. Anahitaji chanjo ya mseto inayogusa panlukopenia na virusi viwili vya mafua ya paka, herpesi na kalisi, pamoja na ya kichaa cha mbwa. Kama hajawahi kuchanjwa, ile ya mseto hutolewa mara mbili, wiki 3 hadi 4 zikipita katikati, na ya pili iwe imefikisha wiki mbili kabla hajaingia hosteli. Hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 20: sindano ya pili mwisho tarehe 6 Desemba, ya kwanza katika nusu ya kwanza ya Novemba. Ya kichaa cha mbwa inaweza kuchomwa siku moja na mojawapo ya hizo.

Mkiwa mmeshachelewa, msinunue kadi ya uongo. Tafuteni mtu wa kuja nyumbani.

Chanjo ya mafua haizuii kila chafya, hupunguza ukali tu. Ile ya panlukopenia ndiyo inayokinga kwa nguvu hasa.

Paka wangu amekulia dagaa na ugali. Hosteli ina chakula kikavu cha dukani tu. Atazoea? (Msomaji, Kisauni, Mombasa)

Akibadilishiwa ghafla, ama ataharisha ama atagoma kula, na kugoma ndiko tunakokuogopa. Una njia mbili. Ya kwanza, peleka chakula chake: dagaa waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu, waliogawanywa kwenye vifuko vya mlo mmoja mmoja na kugandishwa, kila kimoja kimeandikwa tarehe. Hosteli ikubali kuwa na friza na kuwapasha moto kidogo. Wakipashwa harufu hupanda, na paka mwenye wasiwasi hula kwa pua kwanza.

Ya pili, anza kumzoesha nyumbani siku 10 kabla: robo ya chakula kipya kwa siku tatu, nusu kwa siku tatu, robo tatu kwa siku tatu, kisha chote. Paka wa kilo 4 hula takriban gramu 50 hadi 65 za chakula kikavu kwa siku, kutegemea aina. Chakula kikavu kina maji kidogo sana, kwa hiyo bakuli la maji lisikauke.

Kwa njia yoyote, peleka akiba ya siku tatu zaidi. Maziwa usiyaruhusu hata akiyalilia. Paka wengi wakubwa huwaharisha.

Asalaam aleikum. Niko Muscat, mwezi wa saba tunakwenda Unguja kwa mwezi mzima. Jirani amesema atapita kumjazia bakuli. Inatosha au nitafute hosteli? (Msomaji wa Oman)

Waaleikum salaam. Paka hushikamana na nyumba kuliko mbwa, na aliye mzee au mwoga mara nyingi hukaa vizuri zaidi kwake kuliko hosteli. Lakini kujaza bakuli hakutoshi. Anayekuja aje asubuhi na jioni, akae nusu saa, apime kilicholiwa, azoe mchanga na kuhesabu mabonge, na akuandikie. Akiruka siku moja, zile saa 24 ndizo paka dume anaweza kuziba.

Kwenu kuna jambo jingine. Kiangazi cha Muscat joto hupita nyuzi 40, na nyumba iliyofungwa ikizimikiwa kiyoyozi mchana hugeuka tanuri. Kama jirani hawezi kufika mara mbili, chagua hosteli yenye mtu saa zote, na uulize umeme ukikatika nini kinawaka na ndani ya muda gani. Paka anayehema mdomo wazi kama mbwa yuko hatarini: alowanishwe kwa maji ya kawaida, apepewe, apelekwe kwa daktari papo hapo.

Paka wangu ana kisukari, anachomwa sindano mara mbili kwa siku. Kuna hosteli inayoweza hilo? (Msomaji, Arusha)

Zipo, hasa zilizoungana na kliniki. Usiamini neno "tunaweza". Mwombe atakayechoma afanye mbele yako, kuanzia kutoa chupa kwenye friji hadi sindano kutoka kwenye ngozi.

Hatari kubwa iko kwenye bomba la sindano. Insulini ya wanyama mara nyingi ni ya yuniti 40 kwa mililita, ya binadamu ni ya yuniti 100, na kila moja ina bomba lake. La 40 kwa kawaida lina kifuniko chekundu, la 100 cha rangi ya chungwa. Mfanyakazi akiishiwa na bomba la 40, akanunua la 100 duka la dawa na kuvuta hadi alama ileile, paka anapata chini ya nusu ya dozi. Akivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40, anampa mara mbili na nusu, na hiyo inaua. Kwa hiyo peleka mabomba yako yote ya siku zote na akiba ya 10, yakiwa mfuko mmoja na chupa.

Andika kwa herufi kubwa na ubandike mlangoni pa chumba: dozi, saa (zipishane saa 12), na sharti hili: ASIPOKULA, USICHOME, PIGA SIMU. Insulini bila chakula hushusha sukari. Akianza kuyumba, kulegea au kutetemeka, apakwe asali kwenye fizi, kiasi cha kijiko cha chai, na akimbizwe kwa daktari. Chupa ikae nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika muda mrefu iingie kwenye boksi la barafu, lakini imefungwa kitambaa isigusane na barafu, kwa sababu insulini iliyoganda hutupwa.

Nina paka wawili waliozaliwa pamoja. Walale chumba kimoja? (Msomaji, Thika)

Ndiyo, kama nyumbani hulala wakigusana. Wanaovumiliana tu nyumbani watapigana mahali padogo. Wapewe bakuli mbili, trei mbili au tatu, na milo iwekwe mbali ili ijulikane nani hakula. Na hosteli isiwachanganye kabisa na paka wa mtu mwingine, hata akionekana mpole.

Hosteli inalaza mbwa na paka, na imeandika kwamba kila mnyama hupakwa dawa ya viroboto akifika. Kuna shida? (Msomaji, Mbezi)

Kuna shida kubwa. Dawa nyingi za viroboto na kupe za mbwa zina permethrini. Mbwa anaihimili, paka hutetemeka, hupata degedege na anaweza kufa. Chupa moja "ya wote" ni kosa. Mpake wewe mwenyewe siku chache kabla, dawa iliyoandikwa kuwa ya paka na kwa uzito wake, na uandike kwenye fomu: asipakwe wala kunyunyiziwa chochote. Kizimba chake pia kisinyunyiziwe dawa ya mbwa.

Ongeza sharti la pili: asipewe Panadol. Mfanyakazi mwenye huruma akimwona paka ana homa hufikiria kumvunjia nusu kidonge, na nusu hiyo inatosha kumuua.

Kuhusu mbwa wenyewe, paka asiwaone, na ikiwezekana asiwasikie. Kelele za mbwa kutwa nzima zitamfanya ajifungie kwenye sanduku na kuacha kula.

Paka wetu amerudi hosteli siku nne zilizopita. Anapiga chafya, na mwenzake aliyebaki nyumbani anamfokea kama hamjui. Tufanye nini? (Msomaji, Morogoro)

Anamfokea kwa sababu ya harufu. Amerudi ananuka dawa, mbwa na paka wengine. Wapeni vyumba tofauti siku mbili tatu. Futeni mashavu ya mmoja kwa soksi safi, muiweke chini ya bakuli la mwenzake, na vivyo hivyo upande wa pili. Wakila bila kufoka, fungueni mlango kidogo. Kuwatenga kunafaa pia kwa sababu ya zile chafya.

Paka wengi hubeba kirusi cha herpesi tangu utotoni, kimelala mwilini. Msongo hukiamsha, na takriban wiki moja baadaye huanza kutoka puani na machoni kwa wiki moja au mbili. Makamasi yakiwa meupe kama maji na anakula, mfuteni pua kwa pamba yenye maji ya vuguvugu na mumpashie chakula moto. Mpelekeni kwa daktari akifumba jicho, akitoa usaha wa njano au kijani, akiwa na vidonda ulimini, au akipitisha saa 24 bila kula. Akitapika na kuharisha, aende siku hiyohiyo.

Mpimeni uzito leo. Shika paka upande mizani, kisha upande peke yako, utoe tofauti. Mizani ya jikoni yenye beseni ni sahihi zaidi. Aliyeingia na kilo 4 akarudi na 3.6 amepoteza sehemu ya kumi, na hiyo inatosha kumwona daktari hata kama chafya ni ndogo. Kisha ipigieni hosteli simu muwaeleze, ili wawaambie wenye paka waliolala vyumba vya jirani na kusafisha chumba hicho upya kabla ya mgeni mwingine kuingia.