Theluji ya Tanga

Hadithi yangu ya kwanza niliiandika nikiwa kidato cha pili, Tanga, na mstari niliouonea fahari kuliko yote ulisema msichana fulani alikuwa na "meno meupe kama theluji". Nikamfuata bibi uani nikamsomea. Alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi. Hakuinua hata kichwa.

"Theluji umeiona wapi, mume wangu?"

Sikuwa nimeiona popote. Mtu wa Moshi, ambaye asubuhi isiyo na mawingu anautazama Kilimanjaro akiwa mlangoni kwake, theluji ni mali yake, aitumie apendavyo. Mimi niliiokota kitabuni. Bibi akanyanyua kipande cha pili cha nazi, kimevunjwa sasa hivi, bado kinatiririka maji. "Hayo meno hayafanani na hii?"

Tangu siku hiyo, kabla sijaandika "kama", najiuliza kitu ninachofananishia nimewahi kukishika au la.

Nazi ilinifundisha na jambo jingine. Ukikamua mara ya kwanza unapata tui zito. Mara ya pili ni jepesi. Ukiendelea, mkononi unabaki na machicha. "Mkali kama simba", "mrembo kama malaika", "macho kama nyota": hayo yote ni machicha. Wenye tui lao walishapika zamani, wakala.

Zoezi ninalolifanya hadi leo ni dogo. Nachagua kitu kimoja kilicho mbele yangu, nakitazama dakika 10, naandika mifano mitano. Mitatu ya mwanzo huwa naifuta bila huruma kwa sababu huja yenyewe, na kinachokuja chenyewe huwa cha watu. Nilianza na nazi ya bibi ikidondoka kwenye sinia: kama unga, kama pamba, kama (aibu gani!) theluji. Mfano wa nne: kama mvua ya manyunyu isiyolowesha. Wa tano sikuupata, nikaandika tu kwamba nazi ilidondoka na bibi akahesabu deni la dukani kwa kila mkuno. Ndio niliobaki nao, na hauna tamathali hata moja. Hiyo nayo ni sehemu ya zoezi.

Halafu litazame jina lenyewe. Kibao chenye chuma cha meno, mtu anakikalia, kinaitwa mbuzi! Aliyekibatiza alikuwa mshairi, na hakuhitaji "kama". Sitiari zetu nyingi zimejificha hivyo, hasa kwenye vitenzi. Tunakula hasara, tunakula kiapo, tunameza maneno, bei zinapaa. Kwa hiyo sentensi ikinipooza, nagusa kitenzi kwanza. "Mvua ilinyesha kwa nguvu kama ngoma" nikaigeuza "mvua ilichapa mabati", ikasimama.

Vitendawili navyo ni darasa la bure. "Kuku wangu katagia miibani." Nanasi. Ni sitiari iliyofichwa upande mmoja. Chukua kitu chochote cha hadithi yako, kitungie kitendawili, kisha rudisha kitendawili hicho ndani ya sentensi bila kutoa jibu haraka.

Kosa lililonichukua miaka mingi zaidi kuliona ni la kumvika mhusika lugha isiyo yake. Niliwahi kuandika juu ya konda wa daladala ambaye, alipopenda, moyo wake ulikuwa "bustani ya waridi". Konda gani huyo? Hajawahi kupanda hata mchicha. Nilipoiandika upya, moyo wake ulijaa kama gari la saa kumi na mbili jioni, na bado mtu mmoja aling'ang'ania mlangoni akisema atabanana tu. Hapo konda akaanza kupumua. Mvuvi naye aone kwa macho ya upepo na nyavu, fundi cherehani kwa pindo na mishono.

Usizipange tamathali zote kwenye aya moja, lakini. Mwalimu mmoja alinihesabia saba kwenye nusu ukurasa, akaandika pembeni: "Nimeshiba kabla ya wali."

Ile hadithi niliirudia, nikamsomea bibi tena, safari hii meno yakiwa ya nazi. Alisikiliza hadi mwisho, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Meno nimeyaona," akasema. "Sasa huyo msichana anaolewa au haolewi?"