Kwa anayekwenda Muscat: jangwa nililokaa mimi

Mkuu, umeuliza kama Muscat, mji mkuu wa Oman, ni michanga na ngamia tu, na kama mtu aliyezoea joto la Dar atapaweza. Nimekaa kule miaka minne nikiwa fundi AC, nimerudi Tandika mwaka jana, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Michanga sahau kwanza. Muscat imebanwa kati ya bahari na milima ya Hajar, mawe matupu ya kahawia, huoni hata kichaka cha kumfichia mbuzi. Mji umejinyoosha kufuata pwani kwa sababu hauna pengine pa kwenda. Ile michanga ya kwenye picha iko Wahiba, mwendo wa saa kadhaa kwa gari.

Joto sasa. Nilienda nikijua joto la jangwani ni kavu. Kavu ni Nizwa, nyuma ya milima. Muscat iko ufukweni na bahari yenyewe ni ya moto, hewa imejaa mvuke. Julai ukitoka ndani kwenye AC, miwani inafunga ukungu hapohapo. Nilikuwa nakinga ndoo kwenye mrija wa AC, jioni imejaa. Tangi la maji liko juani paani, hivyo bomba la baridi linakuunguza. Wenyeji wakanifundisha: kiangazi zima hita, oga kwa bomba la moto, maana maji ya kwenye hita yamekaa ndani yakapoa. Nilidhani wananitania. Kuanzia Juni hadi Agosti sheria inasimamisha kazi za juani, saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu mchana. Bosi wangu wa kwanza alijifanya haijui, akatupandisha paani saa saba. Wewe ijue.

Lakini kilichonitisha kuliko jua ni maji. Muscat inapata mvua kama milimita 100 kwa mwaka. Dar tunapita 1,000. Tatizo, hizo 100 zinaweza kuja kwa siku chache tu, zikaangukia mwamba usiofyonza kitu, zikateremka zote kwenye wadi, yaani mabonde ya mito mikavu. Mvua inanyesha milimani, wewe uko chini jua linawaka, ghafla wadi imejaa. Mwaka 2007 kimbunga Gonu kiligharikisha mji na kuua watu. Sisi Dar tuna mtaa wetu wa Jangwani unaofunikwa na mto Msimbazi kila masika, jina nililokuwa nalicheka. Silicheki tena. Usipange chumba wadini hata kodi iwe rahisi vipi, na kuvuka wadi iliyojaa ni kosa la kisheria.

Ukipata likizo nenda Nizwa uone falaj, mifereji ya kale inayoleta maji ya chini ya ardhi mpaka kwenye mitende. Wakulima waligawana maji kwa zamu, mchana wakipima kwa kivuli, usiku kwa nyota.

Halafu Salalah, kilomita kama 1,000 kusini, njia nzima tambarare ya changarawe mpaka usingizi unakushika. Nilifika Julai nikakuta manyunyu, ukungu na milima ya kijani kama Lushoto. Ni upepo wetu wa kusi, unavuka bahari na kugonga milima ya Dhofar. Ukipita tu nyuma ya milima hiyo ni kukavu, ndiko inakoota miti ya ubani. Barabarani wanauza ndizi na madafu. Nilikunywa mawili, bei yake ningepata matano Kariakoo.